Vioo vya plastiki kwenye gari: kutoka uwanja wa Port Reitz hadi gereji za Magongo

Leo hakuna kodi wala seva. Leo tunazungumzia madirisha, na simaanishi yale ya Microsoft. Namaanisha madirisha ya gari, na lile wazo linalowapendeza sana vijana wenye magari ya spidi: ng'oa vioo vyote, weka plastiki angavu, gari liwe jepesi, likimbie kama swara.

Kabla hatujaanza, nina kazi ndogo kwako. Siku ukipita Magongo jioni, simama kidogo kwenye steji uangalie taa za mbele za Probox na matatu zinazoelekea uwanja wa ndege. Usiangalie mwanga, angalia ile ngozi ya nje ya taa. Utakuta nyingi zimekuwa za njano, zina ukungu kama jicho la mzee. Weka picha hiyo akilini, tutaihitaji mbele.

Haya, tuingie kwenye historia. Watu wengi hudhani plastiki kwenye dirisha la gari ni uvumbuzi wa juzi. Si kweli. Magari mengi ya mwanzo, kama Ford Model T iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, yalikuwa wazi pembeni. Mvua ikija, dereva alishuka akafunga mapazia ya turubai yaliyoshonewa vipande vya seluloidi ili aone nje. Kama umepanda tuktuk Mombasa wakati wa masika, ukaona dereva akishusha lile pazia la nailoni angavu, basi umeshaona teknolojia ya Model T ikiwa hai. Ni nyepesi, ni rahisi, na baada ya miezi kadhaa huoni kitu. Seluloidi nayo ilikuwa hivyo hivyo: ilipauka, ilikatika penye mikunjo, na juu ya hayo ilishika moto upesi sana.

Kwa hiyo miaka ya 1920, magari yaliyofungwa pande zote yaliposhuka bei, kioo kilishinda. Lakini kioo cha wakati huo kilikuwa kile kile cha dirisha la nyumba. Ajali ikitokea kilivunjika vipande kama visu. Dawa yake ilikuwa imeshaanza kutafutwa. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliona chupa ya maabara iliyoanguka ikapasuka lakini haikutawanyika, kwa sababu ndani yake kulikuwa kumebaki utando wa selulosi. Mwaka 1909 alichukua hataza ya kioo cha tabaka: vioo viwili, katikati karatasi ya plastiki. Kioo cha mbele cha gari lako leo ni mtoto wa chupa ile. Kwa maneno mengine, kioo salama kabisa kwenye gari tayari kina plastiki ndani yake. Tofauti ni kwamba plastiki imefichwa katikati, mahali ambapo vumbi na waipa haziifikii.

Sasa tuje kwenye plastiki zenyewe. Ziko mbili, na fundi mwingi huzichanganya. Ya kwanza ni akriliki. Wajerumani wa kampuni ya Otto Röhm waliisajili kwa jina Plexiglas mwaka 1933, na mwaka uliofuata kampuni ya ICI ya Uingereza ikaleta ya kwake kwa jina Perspex. Hii ndiyo ile ya mabango ya maduka, na ndiyo iliyowekwa kwenye kaunta nyingi za benki na maduka ya dawa mwaka 2020 wakati wa korona. Ni angavu kuliko kioo cha kawaida, ni ngumu kiasi, lakini ikipigwa sana hupasuka.

Na hii akriliki ina historia na mtaa wetu. Uwanja wa ndege tunaouita Moi leo ulijengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, ukaitwa Port Reitz. Mwaka 1942 meli za kivita za Uingereza zilipowakimbia Wajapani kutoka Ceylon zikahamia Kilindini, na kati ya 1942 na 1944 uwanja huo ulitumiwa zaidi na ndege za jeshi la majini la Uingereza. Ndege za aina hiyo wakati ule, kama Fulmar na Martlet, zilifunikwa juu ya rubani kwa akriliki. Kwa hiyo kabla hakujawa na gereji hata moja ya kufunga madirisha mepesi, madirisha ya plastiki yalikuwa yakiruka na kutua hapa hapa, hatua chache kutoka Barabara ya Magongo.

Angalia lakini jinsi ndege za kivita za wakati huo zilivyopangwa. Juu na pembeni ya rubani, akriliki, kwa sababu ni nyepesi na hukunjika kwa joto kufuata umbo la ndege. Mbele ya uso wake, kioo kinene cha tabaka. Wahandisi walikuwa na kila sababu ya kupunguza uzito, kwani kilo chache zaidi zilimaanisha mafuta au risasi pungufu. Hata hivyo hawakuweka plastiki kila mahali. Waliuliza kila dirisha lina kazi gani.

Kuna kisa kingine kuhusu akriliki hii ambacho hunisisimua kila nikikikumbuka. Agosti 1940, rubani wa ndege ya Hurricane aitwaye Gordon Cleaver alipigwa risasi angani Uingereza, na kifuniko chake cha plastiki kikapasuka. Vipande vikamwingia machoni. Daktari Harold Ridley aligundua kwamba vipande vile vilikaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Kutokana na hilo, tarehe 29 Novemba 1949 mjini London, alimwekea mgonjwa lenzi ya kwanza ya bandia iliyotengenezwa kwa akriliki. Babu yako akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho leo, akawekewa lenzi, anafaidika na bahati mbaya ya rubani yule. Ni habari njema kwa tiba. Kwa dereva ni onyo: akriliki ikipasuka karibu na uso, inajua njia ya kwenda machoni.

Plastiki ya pili ni polikaboneti, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Mwaka 1953 Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, aliitengeneza, na mwaka huo huo Daniel Fox wa General Electric, Marekani, akaipata pia, kila mmoja kivyake. Ya Wajerumani ikaitwa Makrolon, ya Wamarekani Lexan. Hii haipasuki kirahisi kabisa. Zile ngao angavu ambazo polisi hubeba wakati wa maandamano ni polikaboneti. Mawe hugonga yakarudi. Na sisi watu wa kompyuta tumeishika mikononi miaka mingi bila kujua: CD ni sahani ya polikaboneti. Kwa hiyo zile CD zilizokuwa zikining'inia kwenye kioo cha ndani cha matatu ni ndugu wa madirisha tunayoyazungumzia.

Sasa sikiliza. Mwaka huo huo wa 1953, mwishoni mwa Mei, magari yaliondoka kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Yalikuwa magari ya kawaida ya dukani, yakigawanywa kwa makundi ya bei. Mbio zile ziliitwa Coronation Safari, baadaye East African Safari, na hatimaye Safari Rally tunayoijua. Polikaboneti na Safari ni rika moja. Na kama kuna mahali duniani ambapo wazo la gari jepesi lilipewa mtihani mkali, ni kwenye barabara zetu.

Huko Ulaya mashindano ya magari yalikuwa yameingia wazimu wa kupunguza uzito. Mwaka 1967 Porsche walitoa 911 R, gari la kilo 800 hivi, lenye madirisha ya plastiki pembeni na nyuma. Baadaye ikaja Lancia Stratos, gari fupi la mwili wa faibaglasi, lililotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya mbio. Madirisha yake ya milangoni hayakuwa hata na mashine ya kushushia. Yalizungushwa kwa kitasa kwenye mfereji. Stratos ilishinda Monte Carlo mara tatu mfululizo, 1975, 1976 na 1977.

Ikaja Safari. Mwaka 1975 Stratos zilimaliza za pili na za tatu, mikononi mwa Sandro Munari na Björn Waldegård. Nani alikuwa mbele yao? Ove Andersson, ndani ya Peugeot 504. Ndiyo, ile ile 504 iliyokuwa ikibeba abiria na magunia kwenye barabara zetu. Mwaka mmoja kabla, 1974, Waldegård alikuja na Porsche Carrera RS, gari ambalo hata vioo vyake vilifanywa vyembamba ili kupunguza uzito. Akawa wa pili. Aliyemshinda ni Joginder Singh, fundi na dereva wa hapa Kenya, ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo. Joginder huyo huyo alikuwa ameshinda 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye mbio. Aina ile ya Volvo haikusifiwa kwa wepesi, ilisifiwa kwa ugumu; PV444 iliyoitangulia ilitangazwa 1944 ikiwa tayari na kioo cha mbele cha tabaka. Stratos haikushinda Safari hata mara moja.

Sisemi kwamba dirisha ndilo lililowashinda Lancia. Safari ilishindwa kwa matope, mashimo, joto, na bahati. Ninachosema ni kwamba timu zilizojifunza Safari ziliongeza uzito badala ya kuupunguza: mabomba ya kuzuia ng'ombe mbele, taa za ziada, magurudumu mawili ya akiba, vyuma vya kuimarisha mwili, bomba la kuvutia hewa juu karibu na paa. Walipima barabara kwanza, ndipo wakaamua gari liwe la aina gani.

Na hili ndilo linalonileta Magongo. Kijana mmoja jirani yangu, ana gari dogo la Kijapani analipenda kuliko chakula. Alikuwa ameshaulizia bei ya karatasi za Perspex kwa watengeneza mabango. Akaniambia, "Kaka, wewe umesomea kompyuta, hebu nipigie hesabu, gari litapungua kilo ngapi?" Nikampigia, na hesabu yenyewe ni hii, unaweza kuirudia mwenyewe kwa gari lako.

Tuseme vioo vya milango minne na cha nyuma, vyote pamoja, vina eneo la mita 2 za mraba, na unene wa milimita 4. Hiyo ni lita 8 za kitu. Lita moja ya kioo ina uzito wa kilo 2.5 hivi, kwa hiyo vioo vyote ni kilo 20. Lita moja ya akriliki au polikaboneti ni kilo 1.2 hivi, jumla kilo 9.6. Umeokoa kilo 10 na kidogo. Gari lenyewe lina kilo 1,100. Umepunguza chini ya asilimia moja.

Sasa linganisha. Lita moja ya petroli ina gramu 750 hivi. Ukitembea na lita 14 pungufu kwenye tangi, umepata faida ile ile bila kugusa bisibisi. Ukitoa kwenye buti ile jeki mbovu, spika kubwa na dumu la maji, umeshampita. Tena plastiki ya unene ule ule hulegea kuliko kioo. Kioo ni kigumu kukunjika karibu mara 30 kuliko polikaboneti. Kwa spidi kubwa dirisha hupepea na kuvutwa nje, mpaka ulifungie vibanio, na kilo zinaanza kurudi.

Kwa dereva wa mashindano kilo 10 zina maana, kwa sababu ziko juu, na kutoa uzito juu hushusha kitovu cha uzito, gari likatulia kwenye kona. Pia yeye ameshang'oa mashine za madirisha, viti, zulia, kila kitu. Dirisha ni jambo lake la arobaini kwenye orodha. Kwa kijana wetu ni la kwanza. Waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: mtu anakesha usiku kucha akiharakisha mstari mmoja wa kodi ambao haukuwa tatizo, na ile sehemu inayochelewesha kila kitu hajaigusa. Pima kwanza.

Lakini uzito ndiyo sehemu ndogo ya habari. Rudi sasa kwenye zile taa za Probox. Zamani taa za gari zilikuwa za kioo. Kuanzia miaka ya 1980 huko Marekani, kisha Ulaya na Japani, watengenezaji walihamia polikaboneti. Kiwandani hupakwa rangi ngumu angavu ya kuzuia mikwaruzo na miale ya jua. Jua la Mombasa likiila ile ngozi, plastiki inageuka njano. Ndipo unamwona mtu Jumapili asubuhi anasugua taa kwa dawa ya meno, inang'aa mwezi mmoja, inarudi ilivyokuwa. Hiyo ni polikaboneti ya kiwanda, iliyopimwa, iliyokingwa. Jiulize karatasi isiyo na kinga yoyote, kwenye mlango wako, ikifutwa kila siku vumbi la malori ya kontena kwa kitambaa kikavu, itakuwaje baada ya masika moja. Mikwaruzo hiyo mchana huioni. Usiku lori likikumulika kutoka pembeni, dirisha zima linakuwa jeupe, na mwenye bodaboda aliye nyuma yake humwoni.

Halafu kuna kemikali. Polikaboneti haipatani na petroli, thina, wala sabuni zenye amonia. Hujaa nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Na ni gereji gani ya rangi isiyo na kitambaa chenye thina?

Hata hayo nayo mtu anaweza kuyavumilia. Lisilovumilika ni hili la mwisho. Kioo cha pembeni cha magari mengi kimekazwa kwa moto: hupashwa joto kali kisha kupozwa ghafla, ngozi ya nje ikabanwa na ndani ikavutwa. Ni kigumu dhidi ya ngumi, lakini ukikigonga kwa ncha ngumu karibu na pembe, chote humwagika kuwa punje punje. Wengi hudhani huo ni udhaifu. Ndivyo kilivyokusudiwa. Dirisha ni mlango wa pili. Gari likilala ubavu, likishika moto au likiingia majini, mlango unaweza kukataa, na kioo ndiyo njia.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kusimuliwa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na binti yake, na mji mzima ulingoja hadi tarehe 11 Oktoba ndipo likatolewa. Sitaki kusema lolote juu ya vioo vya gari lile, Mungu awarehemu. Nasema tu kwamba tangu siku hizo watu wengi hapa wanapopanda feri hushusha madirisha, na wanajua kwa nini. Sasa fikiria dirisha la polikaboneti lililofungwa kwa skrubu, lisiloshuka, na lisilovunjika kwa nyundo wala teke. Ngao ya polisi, nawe uko upande wa ndani.

Dereva wa mashindano ana kizimba cha mabomba ya chuma, helmeti, mkanda wa pointi nyingi, kizima moto, na watu wa uokoaji waliofunzwa kulitambua gari lake. Alipoondoa kinga moja aliweka nyingine tano. Kijana wetu angeondoa ile moja tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama unajenga gari la mbio tupu, lenye kizimba, tumia polikaboneti iliyopakwa ngozi ngumu pembeni na nyuma, acha kioo cha tabaka mbele, na weka njia ya kung'oa dirisha haraka. Akriliki ya mabango usiitie kwenye gari lolote, ibaki kwenye mabango. Na kama gari ni la kwenda kazini na kumpeleka mama hospitali, acha vioo. Kabla hujabadilisha kioo chochote, soma maandishi madogo kwenye pembe yake. Ukiona herufi E ndani ya duara na namba 43R, hiyo ni alama ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43 ya vioo vya magari: kuna mtu alikipima kwa mwanga, kwa mikwaruzo na kwa kukivunja. Karatasi ya duka la mabango haina alama hiyo, na mwenye bima ataiuliza siku ya ajali.

Jirani yangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta anatoa spika kwenye buti. Zilikuwa nzito kuliko vioo vyote alivyotaka kung'oa.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye kodi. Kaeni salama, na kwenye feri shusheni madirisha.